Kazi zetu na viungo visivyofika Gety

Mwaka jana nilikwenda tena Gety nikiwa na kazi yangu ya mwisho wa masomo ndani ya flashi. Nilikuwa nimeahidi. Mzee mmoja wa huko alikaa nami siku tatu kwenye baraza ya nyumba yake, akanisimulia hadithi, akanitamkia orodha ndefu ya maneno ya Kingiti, mengine ya zamani ambayo hata wajukuu wake hawakuyajua. Hakutaka pesa. Alitaka siku moja asikie sauti yake "ndani ya kitabu", maana nilikuwa nimemweleza kwamba inawezekana.

Kitabu kilikuwa PDF ya kurasa 80 na kidogo. Kila neno la mfano lilikuwa na rangi ya buluu na mstari chini yake, alama ya kwamba ukilibofya utamsikia mzee akilitamka. Tuliifungua kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja wa shule ya pale, jenereta ikinguruma nje, watu kama kumi wamesimama nyuma yetu. Nikabofya. Kompyuta ikawaza kidogo, kisha ikaandika kwamba faili haipatikani. Nikabofya neno la pili, la tatu, la kumi. Mzee akanitazama, akasema: "Mulibeba sauti yangu mukaiacha Bunia?"

Sauti haikubaki Bunia. Rekodi zote zilikuwa ndani ya flashi ileile, katika folda iliyo kando ya PDF. Tungeweza kuzifungua mojamoja, na ndivyo tulivyofanya baadaye, tukikisia. Kilichobaki Bunia ni njia. Nilipoweka mshale juu ya neno la buluu niliona anwani yake: inaanza na file:///C:/Users/, linafuata jina la kijana nisiyemfahamu vizuri, mwenye kompyuta ya duka la kuchapia nilikogeuzia kazi yangu kuwa PDF, kisha Desktop, kisha folda niliyoiunda pale mchana ule. Yaani kazi yangu, popote itakapofunguliwa duniani, inamtafuta mzee wa Gety juu ya meza ya kijana yule wa Bunia.

Simlaumu kijana. Alifanya alichoombwa, akalipwa kwa ukurasa, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kosa ni langu, na kwa sehemu ni la desturi yetu sisi wanafunzi wa lugha: tunajifunza kwa miaka namna ya kurekodi, kunakili na kutafsiri simulizi, halafu hatua ya mwisho tunaiacha mikononi mwa duka la fotokopi. Tangu siku ile nimewaomba wenzangu wanne wanionyeshe PDF za kazi zao zenye rekodi. Tatu zina ugonjwa huohuo. Ya nne haina kiungo hata kimoja kilicho hai, ni buluu tupu. Zilisomwa kwenye karatasi, zikapewa alama, zikaingia kabatini. Hakuna aliyebofya.

Wapo watakaosema kwamba hii ni habari ya mafundi wa kompyuta, haihusu lugha. Kwa lugha nyingine labda. Kingiti ni lugha ya toni, ya jamii ya Kisudani ya Kati, na sarufi yake iliyoandikwa na Constance Kutsch Lojenga na kutolewa mwaka 1994 inaonyesha kwamba yako majina ambayo umoja na wingi wake hutofautiana kwa toni peke yake. Mojawapo ni neno la mwalimu, malimo, ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua bila kuambiwa. Herufi ni zilezile, awe mmoja au wawe kumi. Sauti ndiyo inayohesabu. Nasi tunaandika kwenye kibodi ya Kifaransa, alama za toni zinaanguka njiani, fonti ya dukani haina baadhi ya herufi, na mara mbili nimeona PDF ambamo irabu zenye alama zimegeuka visanduku vitupu. Katika kazi ya namna hii rekodi si pambo. Rekodi ndiyo ushahidi, na maandishi ni maoni ya mwandishi juu ya ushahidi huo. Kiungo kikifa, msomaji anabaki na maoni yangu tu, wala hana jinsi ya kuniambia kwamba nilisikia vibaya.

Basi tuangalie kinachotokea. Njia ya kufikia faili huandikwa namna mbili. Njia kamili inaanzia kwenye diski yenyewe na kutaja kila mlango mpaka ndani: diski C, watumiaji, fulani, mezani, folda, faili. Njia tegemezi inaanzia pale hati ilipo: ingia folda ya sauti iliyo kando yangu, chukua rekodi ya saba. Tofauti ni ileile ya kumwelekeza mgeni sokoni. Ukimwambia "toka nyumbani kwa shangazi yangu, pita kushoto", lazima kwanza amjue shangazi yako, na shangazi asiwe amehama. Ukimwambia "toka hapa tuliposimama", anafika. Na katika Walendu Bindi, ambako mwaka 2006 maelfu ya watu waliokimbia mapigano walikuja kukusanyika Gety, hakuna wa kufundishwa kwamba nyumba ya shangazi inaweza kuhama.

Unapoandika kwenye kompyuta yako huoni tofauti, kwa kuwa viungo vya namna zote mbili vinafunguka. Mtego uko hapo. Tunajaribu kiungo mahali pekee ambapo hakiwezi kushindwa, tunaridhika, tunafunga kompyuta. Tofauti inajitokeza siku hati inaposafiri, na sisi hatuna hati isiyosafiri: inatoka kwenye kompyuta ya rafiki, inaingia flashi, inakwenda dukani, inarudi ikiwa na virusi vyake, inatumwa kwa Bluetooth, inapanda pikipiki kupitia Bogoro hadi Gety, kilomita kama 60 za barabara ambayo kila mmoja wetu anaijua.

Kugeuza hati kuwa PDF kunaongeza hatari mbili. Ya kwanza ni kuchapa badala ya kuhamisha. Kompyuta nyingi zina printa ya bandia inayotoa PDF. Ukipitia huko, programu inachora ukurasa kama ambavyo ingeuchora kwenye karatasi, na karatasi haina kiungo. Rangi inabaki, mstari unabaki, chini yake hamna kitu. Hicho ndicho kilichompata mwenzangu wa nne, na kilizipata pia sura zangu mbili za mwisho, ambazo kompyuta ya dukani ilikataa kuzihifadhi kama zile za kwanza tukaamua "kuziprinti" ili tumalize kabla umeme haujakatika. Hatari ya pili ni programu kugeuza njia tegemezi kuwa njia kamili wakati wa kuhifadhi, bila kukuuliza. Word hufanya hivyo mara nyingi kwa viungo vya faili, ingawa viungo vya intaneti huviacha salama. PDF yenyewe haina hatia: kiwango chake cha kimataifa, ISO 32000 cha mwaka 2008, kinaruhusu njia tegemezi. Ni sisi tusiomwambia mgeuzaji tunataka nini.

Dawa ipo na haigharimu. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina kisanduku katika chaguo za kupakia na kuhifadhi kinachoagiza anwani zihifadhiwe kwa kutegemea mahali hati ilipo, na kingine cha kazi hiyohiyo katika dirisha la kuhamisha PDF, chini ya kichupo cha "Liens". Hicho cha pili ndicho ambacho hakuna duka lililowahi kunionyesha. Jirani yake kuna kisanduku kinachogeuza viungo vinavyoelekea hati zako nyingine za LibreOffice ili vielekee PDF zenye majina yaleyale. Kinafaa kama sura zako ziko katika faili mbalimbali. Lakini visanduku havimsaidii mtu mwenye mpangilio mbovu. Unda folda moja kabla hujaandika neno la kwanza, hati iwe ndani yake, folda ya sauti iwe ndani yake, na PDF izaliwe humohumo. Hati ikiwa kwenye diski C na rekodi zikiwa kwenye flashi, njia tegemezi haiwezekani kabisa, kwani hakuna namna ya kutoka diski moja hadi nyingine bila kuitaja diski. Majina ya faili yawe ya herufi ndogo za kawaida, bila nafasi, bila alama za toni. Inauma, najua, kuliandika neno la Kingiti bila toni zake; lakini jina la faili si mahali pa kuonyesha isimu. Kisha, kabla ya kuileta kazi, nakili folda nzima kwenye flashi, ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na ubofye. Si kiungo kimoja. Vyote.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema hayo yanatosha. Huko Gety wengi husoma PDF kwenye simu, na programu nyingi za simu za kusomea PDF hazikubali kufungua faili nyingine kupitia kiungo, hata njia ikiwa sahihi. Zimefanywa hivyo kwa ajili ya usalama, na wenye kuzitengeneza hawana kosa. Na nakala ya karatasi, ile inayofungwa jalada gumu na kukaa maktaba, haibofyeki milele. Kwa hiyo nashikilia kwamba kila kiungo kiandikwe pia kwa ajili ya macho ya mtu. Tuache "sikiliza hapa". Tuandike jina lenyewe la faili: sauti, kisha hadithi02_sehemu04. Mwenye simu atafungua folda, atalitafuta jina hilo, atasikiliza. Mwenye karatasi atajua aulize nini, na kwa nani.

Jambo hili si geni Irumu kama tunavyodhani. Tarehe 7 Machi 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu juu ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Siandiki hapa juu ya hukumu yenyewe. Kila familia, Bogoro na Gety pia, ina neno lake, na jarida la wanafunzi si baraza la kuliamua. Lakini mwanafunzi wa lugha na aifungue hati ile kwa ajili ya tanbihi zake. Hati nzima ina namba, ICC-01/04-01/07-3436. Kila ushahidi una namba. Kila siku ya kusikiliza mashahidi ina namba, na tanbihi inataja namba hiyo pamoja na ukurasa. Hata ukiichapa kwenye karatasi, hata viungo vyote vikifutika, rejeo linabaki kamili, kwa sababu halitaji kompyuta ya mtu yeyote. Mashahidi wale walisema maneno mazito, na mtu alijali kwamba kila neno lipatikane tena. Mzee wangu alisema maneno mepesi, juu ya sungura na mvua na majina ya vyombo vya jikoni. Sioni kwa nini yahifadhiwe kwa uangalifu mdogo zaidi.

Msimamizi mmoja niliyemweleza haya alinijibu kwa wema: "Mwanangu, yaweke kwenye intaneti, uweke kiungo cha intaneti, yaishe." Ni jibu linalosikika vizuri Bunia mjini siku ambayo mtandao uko sawa. Nina mashaka nalo mawili. Kwanza, kusikiliza rekodi 200 kwa vifurushi vya simu ni gharama ambayo mkulima wa Gety hawezi kuibeba ili asikie lugha yake mwenyewe. Faili iliyo kwenye kadi ya simu yake haimdai kitu. Pili, viungo vya intaneti navyo hufa, tena huko kwenye nguvu na fedha. Mwaka 2014 Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walichapisha uchunguzi walioufanya Harvard: nusu ya viungo vilivyomo katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyotajwa. Kama mahakama ile, pamoja na wahudumu wake wote, imepoteza nusu, mwanafunzi anayeweka rekodi kwenye akaunti yake binafsi, ambayo nenosiri lake atalisahau akishapata kazi Kinshasa, atabaki na ngapi? Sipingi intaneti. Nakala moja iwekwe huko kama inawezekana, lakini iwe nakala ya pili. Ya kwanza ikae kando ya PDF na itembee nayo.

Mwenzangu mwingine alikuwa na pingamizi lililonigusa zaidi. Alisema sheria mpya ni mzigo mpya juu ya mwanafunzi ambaye tayari analipia kila saa ya kompyuta, anayeandika usiku kwa umeme wa jirani, na ambaye jalada tu la kazi yake limemla akiba ya miezi. Ni kweli. Nami nililipa mara mbili. Lakini tuhesabu vizuri. Kupanga folda mwanzoni ni robo saa. Kubofya viungo vyote kwenye kompyuta ya rafiki ni saa moja, tuseme mbili kwa kazi kubwa. Kwenda Gety na kurudi, kumtafuta msimulizi, kukaa naye, kunakili, kutafsiri: hayo ni majuma. Anayehifadhi majuma kwa kutumia saa mbili hakuongezewa mzigo. Tena ingefaa kitivo kiwe na kompyuta moja, hata kuukuu, yenye LibreOffice iliyokwisha kupangwa, ambayo kazi yake pekee ni kugeuza na kujaribu kazi zenye rekodi, bila foleni ya fotokopi nyuma ya mtu.

Ninachokiomba kingine ni kidogo. Kazi yoyote yenye rekodi isipokelewe kama PDF peke yake. Ipokelewe kama folda, na mtu wa kitivo aifungue mbele ya mwanafunzi kwenye kompyuta ambayo haikuiandika. Viungo visipofunguka, kazi irudi, kama ambavyo inarudi leo ikikosa orodha ya vitabu. Na nakala ya folda hiyo irudi kwa waliosimulia, kwenye kadi au flashi, ikiwa na orodha ya rekodi iliyochapwa kwa maandishi makubwa. Tunapowaahidi watu vitabu vyenye sauti zao, wanaamini, kwa sababu hawana sababu ya kutoamini.

Nilirekebisha kazi yangu. Sura za kwanza hazikunisumbua sana: njia zilikuwa mbovu, lakini mwisho wa kila njia kulikuwa na jina la faili, kwa hiyo niliweza kuziunganisha upya. Zile sura mbili zilizochapwa ndizo zilizonishinda. Hati yake ya asili ilikuwa imefutwa dukani pamoja na uchafu mwingine wa juma, na kwenye flashi yangu ilifunguka ikiwa maandishi yasiyosomeka. Nilibaki na rekodi zenye namba ambazo simu ilizipa yenyewe, 0041, 0042, 0043, na orodha ya maneno kwenye PDF, bila kujua ipi ni ya lipi. Lugha yangu ya mama si Kingiti. Nilikaa na vijana wawili wa Gety wanaosoma Bunia, tukasikiliza usiku kucha, wakayatambua karibu yote, wakicheka.

Mawili hawakukubaliana. Ni maneno ya zamani. Kila moja lina rekodi mbili, herufi zilezile, toni tofauti, moja ya umoja na moja ya wingi. Kijana mmoja alisema ya kwanza ndiyo umoja, mwenzake akasema ni kinyume, na wote wawili wakasema afadhali nimwulize mzee. Nilipiga simu kwa yule mwalimu mwenye kompyuta. Akaniambia mzee alizikwa mwezi uliotangulia.

Folda mpya nimeipeleka. Wajukuu wanaisikiliza kwenye simu. Nimeambiwa hadithi ya sungura ndiyo wanayoipenda. Viungo vyote vinafunguka, nilivibofya vyote. Katika ukurasa wa 71 maneno yale mawili yako mahali pake, yakiwa na majina ya faili zake nne, na kando ya kila moja nimeweka alama ya kuuliza.